Kaye ya ujumbe: nilivyoaga darasa langu kambini na kurudi Baraka

Mmenizoea kwa habari za soko, za barabara ya kwenda Uvira, za bei ya ndagala na za usalama. Leo naomba ruhusa nieleze habari yangu mwenyewe. Mwezi huu wa saba mwaka 2023 unatimia mwaka mmoja tangu niliporudi nyumbani Baraka, na kuna watu wengi huko Nyarugusu ambao waliniachia maneno niwapelekee jamaa zao. Kila mmoja wao anastahili jibu. Wengine nimewajibu kwa simu. Wengine namba zao hazipatikani, basi wasikilize hapa.

Nilivuka ziwa mwisho wa mwaka 2017, wakati vita ilipochafuka katika Fizi na watu wakawa wanakimbia usiku kwa mitumbwi. Nilikuwa mwalimu tayari. Nina diploma yangu ya D6 ya ualimu, na nilikuwa nimefundisha miaka minne bila kuingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Walimu wenzangu wanajua maana ya kuwa "nuveli inite": unafundisha, unasahihisha, unapiga simu kwa wakubwa, unaambiwa faili yako iko Kinshasa. Siku zile tuliishi kwa prime waliyolipa wazazi. Kwa hiyo nilipofika kambini na kusikia wanatafuta watu wenye diploma wajitolee kufundisha watoto, sikuona jambo geni. Kujitolea nilikuwa nimekwisha kuanza nyumbani.

Kwa wale wasiojua, Nyarugusu iko katika wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, Tanzania. Ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili yetu Wakongomani. Mwaka 2015 waliongezeka ndugu Warundi kwa maelfu, na kambi ikawa na watu zaidi ya laki moja. Ni mji mzima, ila ni mji ambao huwezi kutoka bila kibali. Udongo wake ni mwekundu. Wakati wa kiangazi vumbi linaingia hata ndani ya chungu, na wakati wa mvua matope yanakuvua kiatu. Masomo ya Wakongomani kule yanafuata programu ya Kongo, kwa Kifaransa, ili mtoto akirudi siku moja asianze upya. Hilo ni jambo zuri sana, na nawashukuru wote wanaolishikilia.

Nilipewa darasa. Siku ya kwanza nilihesabu watoto 112. Madawati hayakutosha, wengi walikaa chini, na wachache walisimama dirishani kwa sababu hewa ilikuwa ndogo. Tulifanya zamu mbili, wengine asubuhi, wengine mchana. Posho tuliyopewa walimu wa kujitolea ilikuwa ya sabuni na kuni, na kuni zenyewe hazikufika mwisho wa mwezi. Lakini watoto walikuja. Mvua inapiga bati mpaka sauti yangu haisikiki, wao wapo. Chakula kimepunguzwa kwenye mgao, wao wapo, ila unaona wanalala juu ya kaye zao kabla ya saa tano.

Somo lililonisumbua kuliko yote lilikuwa jiografia. Programu inasema tufundishe nchi yetu: mikoa 26, mito, milima, mipaka. Nilichora Kongo kwenye ubao, nikaweka alama pale Baraka, nikachora ziwa Tanganyika kama mstari mrefu upande wa mashariki. Mtoto mmoja wa kike, anayekaa mbele siku zote, akanyosha kidole.

"Madamu, sisi tuko wapi hapo?"

Nikamwambia, sisi hatumo katika picha hii, tuko huku upande wa pili, nje ya mstari.

"Basi kwetu ni wapi?"

Yule mtoto alizaliwa kambini. Mama yake pia alifika kambini akiwa mdogo. Nilimwonyesha alama ya Baraka, nikasema, "Kwenu ni hapa." Aliandika kwenye kaye yake. Lakini nilimwona anaandika kama mtu anayeandika jina la mto Kasai, yaani kitu cha kukariri kwa ajili ya mtihani. Tangu siku ile nilifundisha jiografia kwa namna nyingine. Nilisema harufu ya mawese mapya, michikichi inavyopangwa njiani kwenda Fizi, taa za wavuvi usiku usio na mwezi zinavyokuwa nyingi kama mji juu ya maji. Walinyamaza kabisa. Hata wale wa dirishani waliingia.

Nilifundisha hivyo miaka minne na nusu. Darasa lile la mwisho nililipokea likiwa la nne, nikapanda nalo mpaka la tano. Nilikuwa nimewaahidi kwamba tutakwenda pamoja mpaka la sita, mpaka mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Ahadi ile ndiyo iliyofanya kuaga kuwe kugumu.

Mwezi wa tatu mwaka 2022 mdogo wangu alinipigia simu kutoka Baraka. Mama yetu alikuwa ameanguka akitoka kisimani, na mguu haukupona vizuri. Mdogo wangu ana watoto watano na anaenda ziwani usiku. Akaniambia, "Dada, mimi siwezi kumbeba mama na nyavu kwa wakati mmoja." Hakusema nirudi. Hakuhitaji kusema.

Nililala siku nyingi bila usingizi. Kurudi kwa hiari yako si kama kwenda safari. Unarudisha karata ya chakula, jina lako linafutwa, na hakuna anayekuhakikishia kwamba mambo yakiharibika utapokelewa tena. Mzee mmoja jirani yangu, aliyekimbia mara tatu katika maisha yake, nilimwendea kuomba shauri. Alinisikiliza akichonga mpini wa jembe. Mwishoni akasema, "Mwanangu, mama ni mmoja. Lakini usiende ukidhani unarudi kule ulikotoka. Pale hapapo tena. Nenda kama mtu anayehamia mahali papya, utavumilia." Wakati ule niliona maneno makali. Baadaye nilimshukuru.

Direkta wetu nilimwambia kwanza. Aliinamisha kichwa, akahesabu kwa vidole walimu waliobaki, akahesabu tena. Hakunizuia. Aliniomba tu nimalize mwaka, nisiache pointi za watoto njiani. Nikamaliza. Nilisahihisha kila kaye, nikajaza biletini zote kwa mkono wangu.

Watoto hawakuambiwa mpaka siku ya proklamasio, tarehe 2 ya mwezi wa saba. Mnajua siku ile ilivyo hata kambini. Wazazi wanavaa nguo ile moja waliyoitunza, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, majina yanasomwa kwa sauti, wa kwanza anapigiwa makofi, na anayerudia darasa anajificha nyuma ya mama yake. Nilisoma majina yote. Halafu nikasema kwamba mwaka ujao watakuwa na mwalimu mwingine, kwamba mimi narudi nyumbani kumwangalia mama yangu.

Hakuna aliyelia mara moja. Ilikuwa kimya. Kisha yule msichana wa mbele akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lakini mtihani ni mwaka ujao, Madamu." Sikuwa na jibu. Nilisema mtafaulu. Yeye aliniangalia tu. Nimefundisha miaka mingi, na sijawahi kuona aibu mbele ya mtoto kama siku ile.

Jioni watu walianza kuja kwenye nyumba yangu ya bashi. Wa kwanza alikuwa mama mmoja, alileta karanga za kukaanga ndani ya karatasi ya kaye, na neno la kumpelekea kaka yake. Nikaandika nisisahau. Kabla ya usiku wamefika kumi. Siku iliyofuata walipanga mstari kama kwenye mgao wa chakula. Nilichukua kaye mpya iliyobaki darasani, nikaweka namba, jina, kijiji, na ujumbe. Nilipofunga mizigo zilikuwa jumbe 47.

Siwezi kusema majina, lakini naomba msikie watu wanabeba nini moyoni. Mzee mmoja alitaka kujua kama michikichi yake 30 bado inaitwa yake, au kuna mtu mwingine anayekata ngazi. Kijana alimtafuta rafiki aliyepotezana naye ufukweni usiku wa kukimbia, na hakujua kama yule alipanda mtumbwi au alibaki. Mama mwingine alikuwa na ujumbe mfupi kwa mume wake wa zamani: "Mwambie sisubiri tena, na mbuzi wa wazazi wangu asimguse." Tulicheka wote, hata yeye. Yule msichana wa mbele alileta barua kwa koko yake ambaye hajamwona hata siku moja. Aliiandika kwa Kifaransa safi, kisha chini akaongeza kwa Kiswahili, akaniambia koko hajui Kifaransa.

Na alikuja mama mmoja usiku, wengine walipokwisha kuondoka. Alimzika mtoto wake karibu na ziwa, kusini kidogo ya Baraka, wiki moja kabla ya kukimbia. Hakuweka sementi, aliweka mawe na akapanda mti. Aliniomba nifike pale tu, niangalie, nimwambie iko namna gani. Hakutaka kingine.

Safari yenyewe sitaieleza kirefu. Nilipata kibali, nikapanda gari mpaka Kasulu, kisha Kigoma. Mwezi wa saba upepo wa kusini unavuma na ziwa linachafuka, kwa hiyo tulingoja siku tatu kabla ya boti kuondoka. Ilikuwa boti ya mbao yenye mashine, imejaa magunia na watu. Niliifunga kaye ndani ya mifuko miwili ya plastiki nikaifunga tumboni kwa kitenge. Nilijisemea kwamba nguo zikilowa zitakauka. Usiku mawimbi yalitupiga, akina mama waliimba na kuomba, na mtoto mmoja alitapika juu ya miguu yangu. Kulipopambazuka jua lilitoka nyuma yetu, upande wa Tanzania, likapiga kwanza milima ya Ubwari mbele. Tulizunguka ncha ya Ubwari, tukaingia kwenye ghuba. Nikaona Baraka.

Nilikuwa nimewafundisha watoto 112 namna Baraka ilivyo. Ile niliyoiona haikuwa ile. Tangu mwaka 2020 maji ya Tanganyika yalikuwa yamepanda, nanyi wakaaji wa hapa mnajua kuliko mimi. Nyumba za kando ya ziwa nilizozijua zilikuwa zimesimama ndani ya maji mpaka madirishani, nyingine zimebaki msingi tu. Mahali nilipochotea maji nikiwa msichana, mtumbwi ulikuwa unapita. Nilimkumbuka mzee wa mpini wa jembe.

Mama yangu nilimkuta amekaa mlangoni, mguu umenyooshwa kwenye mkeka. Alinishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Umekonda. Huko hawali?" Kisha akaniambia nimenye muhogo. Sombe ilikuwa motoni. Nilikula bugali nikilia, na yeye alijifanya haoni.

Baada ya siku nne nilianza kazi ya kaye. Nilienda kwa miguu, kwa piki-piki, na mara mbili kwa mtumbwi. Hesabu yake, baada ya mwaka mmoja, ni hii. Jumbe 29 zimefika mkononi mwa wenyewe. Watu 11 hawako tena hapa, wamehamia Uvira, Kalemie au Bujumbura, na kwa wengine nimepata namba. Watu 4 nilikuta wamekufa. Na 3 bado natafuta.

Mzee wa michikichi: miti yako ipo, lakini kuna jamaa anayeivuna na anasema aliuziwa. Nimeongea na chifu wa kijiji. Anasema mashahidi wa mpaka bado wako hai, wawili, na ni wazee sana. Usichelewe kumtuma mwanao. Mama wa mbuzi: ujumbe ulipokelewa kama ulivyo, na aliyeupokea hakufurahi. Kijana wa ufukweni: rafiki yako yuko hai. Alivukia Burundi usiku uleule. Namba yake umekwisha kuipata, na nilisikia kwamba mliongea mpaka simu ikazimika.

Koko wa msichana alinisomesha barua mara tatu. Ya Kifaransa nilimtafsiria, ya Kiswahili aliitaka kwa maneno yaleyale. Aliikunja akaiweka ndani ya Biblia yake.

Kwa mama wa kaburi, nilifika pale. Nilipelekwa na mvuvi anayekumbuka ule mti. Alisimamisha mtumbwi, akanionyesha chini kwa kasia. Tulikuwa juu ya maji, hatukuwa ufukweni. Mti haukuwepo, mawe hayakuonekana.

Wiki tatu sikumpigia simu. Alinitafuta kupitia jirani, nikasema mtandao ni mbaya. Nilitaka kumwambia kwamba iko salama, mti umekua, una kivuli. Nani angejua? Lakini nilikumbuka namna nilivyosema "mtafaulu" mbele ya mtoto aliyejua kwamba nasema tu. Nikapiga. Nikamwambia kama ilivyo. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Aksanti, Madamu. Watu wawili kabla yako waliniambia iko sawa, mmoja alisema kuna maua. Nilijua hawakufika." Ameniruhusu niseme habari hii hapa, kwa sababu anajua hayuko peke yake ambaye ziwa limemchukulia kaburi.

Tangu hapo nimeanza kupeleka habari kwa njia hii. Niliona watu wa ng'ambo wana njaa ya kitu kingine zaidi ya unga na maharagwe. Wanataka kuambiwa kweli juu ya nyumbani.

Asubuhi ninafundisha. Tangu Septemba 2019 serikali ilisema masomo ya msingi ni bure, na watoto wamekuwa wengi darasani. Wamo pia watoto waliokimbia kutoka milima ya juu na sasa wanalala kwa familia za hapa. Mimi bado jina langu halijaingia kwenye orodha ya mishahara, na prime ya wazazi haiko tena. Kwa hiyo nimerudi kujitolea nyumbani, kama nilivyojitolea ugenini. Sisemi hivyo kwa kulalamika tu. Nasema ili wanaohusika wasikie, maana tuko wengi.

Kwa ninyi mnaofikiri kurudi, shauri langu ni dogo. Msirudi kwa habari ya mtu aliyesikia kwa mtu. Tafuta mtu afike mpaka kwenye kiwanja chako akapaangalie kwa macho. Biletini na vyeti vya watoto msiviache, vifungeni kwenye plastiki kama nilivyofunga kaye. Hapa nimeona mtoto wa miaka 13 anarudishwa darasa la tatu kwa kukosa karatasi moja. Na ninyi mliobaki nyumbani, anayerudi msimwite mkimbizi. Mkaribisheni kama mtoto aliyekwenda safari.

Darasa langu lilifanya mtihani bila mimi. Mwalimu aliyelichukua ni kijana, naye anajitolea kama nilivyofanya. Namshukuru hapa mbele ya watu wote. Juzi simu yangu ililia, namba ya Tanzania. Ilikuwa yule msichana wa mbele, ameazima simu ya mjomba wake na salio lilikuwa dogo.

"Madamu, mtihani ulikuwa na ramani ya Kongo," akasema. "Nimeweka Baraka mahali pake."

Nikamwambia koko yake anamsalimu. Akauliza, "Yukoje?" Nilianza kumweleza, salio likaisha. Kesho jioni nitampigia mimi, nikiwa nimekaa na koko mwenyewe.

Ndugu zangu, ile kaye bado ina kurasa. Mwenye ujumbe wa kuvuka ziwa, kutoka huku au kutoka huko, aulete. Mbaki salama.